Upande Huu

Garsen,
7 Aprili 2025

Bishara,

Hujambo? Habari za Bangale, na mvua imefika?

Barua hii nimempa Mwaro, dereva wa lori la mbuzi, kwa sababu simu yako haipatikani na ujumbe niliokuandikia kwenye mfumo wa chuo bado unaonyesha haujafunguliwa. Najua ni ajabu kidogo kupata karatasi kutoka kwa mwalimu unayemjua kwa video tu. Mimi nakujua kwa uchache zaidi. Mahali wenzako walipoweka sura zao, wewe umeweka picha ya birika.

Nina swali, na naomba ulipokee kama swali tu. Tangu tuanze kufundisha diploma ya afya ya mifugo kwa masafa, mfumo huniambia nani amefungua somo gani. Masomo mengi hufunguliwa mara moja, mengine hayafunguliwi kabisa, na mimi nimeshaacha kusononeka. Lakini somo la ng'ombe aliyevimba tumbo limefunguliwa kwa akaunti yako mara nyingi kuliko darasa zima likijumlishwa. Linafunguliwa asubuhi, linafunguliwa adhuhuri, linafunguliwa siku ya mnada. Na mtihani wake umeshaupita vizuri. Sasa bado unalitafutia nini?

Bwana Jefwa, mkuu wa idara yetu, ameliona jambo hili pia. Yeye anasema akaunti ya namna hiyo lazima inatumiwa na watu wengi, na kanuni tuliyotia sahihi sote inasema nenosiri ni la mtu mmoja. Nimemwomba aniache nikuulize kwanza. Yeye ameshapata jibu lake. Mimi bado sijui, na ninataka kujua.

Nijibu kwa mkono wa Mwaro. Anasema hulala huko kabla ya kugeuza.

Mwalimu wako,
Mbeyu Randu


Bangale,
13 Aprili 2025

Mwalimu Mbeyu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nikaisoma nimesimama mbele ya lori, Mwaro akanicheka. Mvua bado haijafika, lakini mawingu yapo.

Kuhusu lile somo, Mwalimu, sababu ni Kiswahili. Kiswahili changu ni cha dukani, cha kuuza sukari na kuchaji simu za watu. Wewe unaongea Kiswahili kirefu. Nikisikia mara ya kwanza napata nusu, ndiyo maana narudia na kurudia. Kwa majibu yangu natuma sauti badala ya maandishi kwa sababu hiyo hiyo. Birika ni la mama yangu, alikuwa nalo kabla sijazaliwa.

Ukikubali, nami nina swali. Katika masomo yako yote nasikia kitu kinagonga nyuma yako. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga tena. Siku ulipofundisha minyoo kiligonga mpaka ukapandisha sauti. Mwanzo nilidhani ni mvua ya mawe, halafu nikadhani ni mtu anataka kuingia na wewe humfungulii. Ni nini?

Na ulipokuwa unafundisha kwato, nani alicheka?

Mwanafunzi wako,
Bishara Galma


Garsen,
17 Aprili 2025

Bishara,

Hujambo? Umenifanya nicheke peke yangu kwenye chumba cha walimu.

Kinachogonga ni nyundo. Chumba cha walimu kina feni inayolia, kwa hiyo mimi hurekodi kwenye stoo nyuma ya ukumbi, katikati ya magodoro ya zamani ya bweni. Ukuta wa pili ni karakana ya seremala wa vitanda. Tumepatana atanyamaza nikimgongea ukutani, lakini akipata mteja husahau. Aliyecheka siku ya kwato ni Kadra wa maktaba. Ndiye hunishikia simu, na siku hiyo ng'ombe wa shamba la chuo alikuwa amenikanyaga mguu.

Unajua kwamba hakuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kuniambia anasikia nini? Darasani naona mtu akikunja uso, nasimama, narudia. Hapa naongea na magodoro. Natuma somo, kisha nangoja alama ndogo ya kijani inayosema limefunguliwa, na hiyo ndiyo sura ya darasa langu.

Basi swali lako lilinifundisha kusikiliza. Nilirudi kwenye majibu yako ya sauti, safari hii si kwa kutafuta makosa. Katika jibu la mwisho, ukiwa katikati ya sentensi, kuna mtu anakohoa. Halafu mwanamke anaongea Kiorma, nawe unamjibu kwa haraka kama mtu anayemnyamazisha mgeni. Nilimwita Kadra. Amekulia na Waorma, na alisikiliza mara moja tu. Akasema, "Anauliza, na mbuzi je?"

Bishara, ni nani huyo? Na aliambiwa nini? Maana nimelipitia somo langu lote na ni kweli, sikumtaja mbuzi popote. Mwambie ni vilevile kama ng'ombe, ila mafuta ya kunywesha yawe kidogo zaidi, na amnyweshe polepole asipaliwe.

Bwana Jefwa sijamwambia lolote bado. Lakini usinipe tena ile sababu ya Kiswahili. Barua yako ilikuwa nzuri mno.

Mbeyu Randu


Bangale,
24 Aprili 2025

Mwalimu Mbeyu,

Shikamoo. Mvua imekuja. Barabara ya nyuma ya soko ni matope na watoto hawataki kutoka ndani yake.

Nitasema ukweli. Aliyeuliza ni shangazi yangu, Abdia. Aliyekohoa ni jirani. Wengine walinyamaza, lakini walikuwepo.

Mimi nina kibanda chenye sola, watu huleta simu zao kuchajiwa. Simu inachaji polepole, mwenyewe anakaa anangoja. Nilipoanza diploma nilikuwa nasikiliza masomo hapo hapo nikihudumia. Siku moja shangazi akaniuliza huyo mwanamke anasema nini kuhusu maziwa. Nikamwambia kwa Kiorma. Kesho yake akaja na mwingine, na simu yao ilikuwa imejaa chaji, hawakuja kuchaji. Wengi ni wanawake ambao waume wao wako mbali na mifugo mikubwa. Wao wamebaki na ng'ombe wa maziwa na mbuzi, na daktari wa mifugo yuko Madogo.

Baadaye wakataka wasikie na nyumbani kwao. Video ni nzito, hawana bando. Kwa hiyo nikaanza kuchukua maneno yako, nayasema kwa Kiorma, narekodi sauti tu, nawarushia kwenye simu. Wao wanarushiana. Sasa sijui imefika wapi. Mtu mmoja kutoka upande wa Hola alinipigia akaniuliza kama mimi ni daktari.

Niliona kanuni nilipotia sahihi. Nilijiambia nenosiri sijampa mtu, nimewapa sauti yangu tu. Lakini nilijua ni ujanja, ndiyo maana nilikuficha.

Nikiacha, niwaambie nini? Nifundishe namna ya kusema, nitasema.

Jibu la mbuzi nimelifikisha. Shangazi anakushukuru, na ana swali la pili kuhusu chumvi.

Bishara Galma


Garsen,
9 Mei 2025

Bishara,

Akaunti yako ilifungwa jana. Sikuifunga mimi na sikuulizwa.

Mzee mmoja wa Bangale aitwaye Sora alipiga simu ofisini, mtu akimtafsiria. Alisema ng'ombe wake amekufa kwa kuchomwa kisu ubavuni, na aliyemchoma alikuwa anafuata sauti ya chuo. Bwana Jefwa aliniita mbele ya wenzangu, akaniuliza kama siku hizi tunafundisha watu kuchoma ng'ombe visu kwa simu. Barua yako ya mwezi uliopita ilikuwa kwenye mkoba wangu, bado sijaijibu, kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukuruhusu bila kuvunja kanuni. Nilichelewa.

Kamati ya nidhamu itakaa mwisho wa mwezi. Niandikie. Nikikupigia simu utaniambia "ndiyo, Mwalimu" kwa kila neno.

Nani alishika kisu? Alisikia nini hasa?

Mbeyu Randu


Bangale,
13 Mei 2025

Mwalimu Mbeyu,

Shikamoo.

Ng'ombe alikuwa wa maziwa, mwekundu, na ndama wake bado ananyonya. Mvua ilipolowesha ardhi majani machanga yakaota kando ya laga, ule mkondo wa maji ya mvua, ng'ombe wakala bila kupumzika. Mzee Sora alikuwa ameenda mnada wa Madogo. Nyumbani alibaki Kassim, mtoto wa ndugu yake. Kassim ni mtu mzima, ana mke, lakini miaka yake mingi aliimaliza kwenye duka la jumla huko Madogo. Duka lilipofungwa akarudi. Mambo ya ng'ombe hayajui sana, na kwa umri wake anaona haya kuuliza.

Ng'ombe akavimba pande zote mbili, akaanza kupiga magoti. Wanawake wakasema niitwe. Mimi nilikuwa zahanati na mtoto wangu, nimeacha kibanda kimefungwa. Kassim alikuwa na ile sauti. Alirushiwa na mtu aliyerushiwa na mtu, na njiani kuna aliyeikata mwanzo. Ile sehemu unayosema kwanza atembezwe, kwanza anyweshwe mafuta, na kisu ni cha mwisho kabisa wakati mnyama anakufa mbele yako, yote haikuwepo. Ilianzia kwenye kisu.

Akaiweka simu juu ya ndoo, akaisikiliza mpaka mwisho, akachoma upande wa kulia. Hewa haikutoka. Akachoma tena. Mzee Sora alimkuta ameshakufa na Kassim amekaa kando yake.

Kosa ni langu. Sikutafsiri vizuri. Waambie kamati hivyo, nitakubali lolote watakalosema.

Mzee Sora hajanitukana. Anapita mbele ya kibanda na haangalii. Watu wengi wamefuta zile sauti. Shangazi Abdia peke yake bado anakuja, tunakaa.

Kassim amerudi Madogo. Hakuaga.

Bishara Galma


Garsen,
18 Mei 2025

Bishara,

Hapana, si kweli kwamba hukutafsiri vizuri. Nimesikiliza.

Nilianza na sauti yako ya Kiorma, ambayo Mwaro alirushiwa huko Bangale akanirushia. Kadra alikaa nami stoo, akawa ananirudishia kwa Kiswahili kipande kwa kipande. Tulipofika kwenye kisu akasema, "Anasema, choma hapa, upande huu." Nikamuuliza, upande upi? Akasema, "Huu." Nilidhani nimelipata kosa lako, na nakuambia bila kuficha, nilihisi nafuu.

Halafu nikafungua video yangu ili nione nilikuwa nimesema nini. Nikailaza simu kifudifudi juu ya godoro nisione picha. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Mnachoma hapa, upande huu. Si upande ule, jamani, ni huu." Ninasisitiza vizuri sana. Kadra alinitazama. Tukalirudia somo lote, mwanzo hadi mwisho, na neno kushoto halimo. Mkono wangu ndio uliolisema. Mwenye kuona video anaona mkono, na wewe uliwatumia sauti, ukanitafsiri neno kwa neno, kwa uaminifu.

Nimekuwa nikimfikiria Kassim. Amesimama kulia kwa ng'ombe, na sauti ya mwalimu inamwambia upande huu. Ningekuwa yeye ningechoma hapo hapo.

Wewe ulijua. Hakuna aliyelisikiliza somo hilo kukushinda. Kwa nini uliniandikia kwamba ni tafsiri?

Nimemwendea Bwana Jefwa, nikamwekea simu kifudifudi mezani kwake. Alisikiliza. Kisha akasema kwamba kama kanuni ingefuatwa, sauti isingetoka bila picha yake. Nalo ni kweli. Lakini ng'ombe wa Mzee Sora amekufa kwa vyovyote vile, na hakuna mtu wa chuo aliyekwenda kumwona.

Mwaro anasema barabara ya kutoka Madogo inapitika. Nakuja Alhamisi naye. Naomba unipeleke kwa Mzee Sora na unitafsirie. Nitaongea kwa vipande vifupi.

Mbeyu Randu


Garsen,
1 Juni 2025

Bishara,

Nimefika salama. Mgongo unauma lakini ni wangu bado. Mwambie shangazi Abdia kwamba maziwa aliyonifungia yalifika yameganda vizuri, na Kadra aliyanywa mengi kuliko mimi.

Ajabu ni kwamba nilikutambua kwa sauti. Mlikuwa wanawake wengi pale kibandani, nami nilikuwa natafuta sura ya birika, mpaka ulipomwambia mtu asikanyage waya.

Kamati imekaa. Nakuandikia mambo kama yalivyo. Utalirudia somo la ng'ombe aliyevimba muhula ujao, kwa sababu ya kanuni. Nilipinga, nikashindwa. Akaunti yako itafunguliwa wiki ijayo. Mimi nimepewa barua ya onyo na imewekwa kwenye faili langu, na sikuipinga hiyo. Kisha Bwana Jefwa mwenyewe, ambaye sikumtarajia, aliuliza kama ni wewe tu unayefanya hivi au kuna wengine wanaowatafsiria watu wao kwa siri. Hakuna aliyejua. Wakakubaliana masomo ya dharura yarekodiwe pia kwa sauti, kwa Kiorma, na wewe uyaseme, mimi na Kadra tuyakague kabla hayajatoka. Jina lako litatajwa mwanzoni. Ukikubali. Wamesema nikuulize.

Siku hizi nikirekodi, Kadra hukaa amenipa mgongo, hamtazami ng'ombe. Nikisema "hapa", anasema "wapi?" Nikisema "namna hii", anasema "namna gani?" Somo lililokuwa fupi sasa ni refu, na nimegundua kuna vitu ambavyo mimi mwenyewe sina majina yake. Lile bonde kati ya ubavu wa mwisho na nyonga ya ng'ombe, nyinyi mnaliitaje?

Sasa swali langu la kweli. Pale bomani nilimwambia Mzee Sora kwamba maneno yaliyopungua yalikuwa yangu, si yako wala ya Kassim. Akataka aisikie sauti kama Kassim alivyoisikia. Ulimwekea. Alipomaliza kusikiliza aliongea, akaongea, akaonyesha kibanda kimoja kwa fimbo, akaendelea kuongea. Nawe ukanigeukia ukasema, "Amesema amesikia."

Bishara, hayakuwa maneno mawili. Alisema nini?

Mbeyu Randu


Bangale,
10 Juni 2025

Mwalimu Mbeyu,

Shikamoo, na heri ya Idi ingawa si yako. Nimekubali. Waambie nitasema kwa Kiorma, na nitakaa na shangazi Abdia amenipa mgongo kama Kadra wako. Kurudia somo kuliniuma siku mbili tatu, sasa basi.

Lile bonde tuna jina lake, lakini nataka nikuambie kwa sauti, kuandika kutaliharibu.

Unaniuliza maswali mawili. La kwanza ni kwa nini nilisema ni tafsiri. Ulipokuja nilishindwa kukujibu, watu walikuwa wengi. Nilijua, Mwalimu. Siku ng'ombe alipokufa niliisikiliza video yako nikiwa nimefumba macho, kabla yako. Kwetu mtu hamwambii mwalimu wake umesahau. Lakini hiyo ni nusu tu. Niliogopa nikikuambia utaacha kufundisha kwa simu. Bwana Jefwa angesema, mnaona, mambo haya hayafai, na nyinyi mngerudi darasani Garsen na mlango kufungwa. Mimi nina watoto na kibanda, siwezi kuhamia Garsen. Nikaona heri nionekane mbaya mimi, somo libaki.

La pili ni maneno ya Mzee Sora. Nilikuficha kwa sababu hayakuwa yako, yalikuwa ya nyumba yake. Lakini sasa yamefika mwisho na nimemwomba ruhusa, ameniruhusu.

Alisema hivi. Huyu mwanamke ametoka Garsen na mvua hii yote kuniambia maneno yake yalipungua. Binti wa Galma alikuja siku ya pili tu, akasimama hapo, sikumwangalia. Aliyekuwa analala ndani ya boma langu, kwenye kile kibanda, ndiye ambaye hakuniambia hata neno moja. Nimepoteza ng'ombe, sawa. Huyu mtoto wa ndugu yangu alikuwa anaogopa kuniuliza mimi, akaiuliza simu. Mimi nina nini mpaka niogopwe hivyo? Ndivyo alivyosema, na ndipo alipoonyesha kwa fimbo. Sikuweza kukutafsiria yale mbele ya watu.

Mke wa Kassim alikuwepo, akasikia. Nadhani ni yeye aliyempigia simu. Siku moja kabla ya Idi, Kassim alishuka kutoka kwenye gari la Madogo na mfuko mmoja. Alikwenda moja kwa moja bomani. Walisalimiana kama watu wa msibani, hakuna aliyetaja lolote.

Baada ya swala Mzee Sora alichinja dume lake la ng'ombe. Kisha akatuma niitwe, nije na simu. Alikuwa hajaongea nami moja kwa moja tangu ng'ombe afe, kwa hiyo nilikwenda mbio nikisahau kufunga kibanda. Nikamkuta amelilaza dume, tumbo wazi, mikono imelowa. Akaniambia kama chuo kinataka maneno, basi nichukue maneno. Nikawasha kurekodi. Akaanza kushoto, ambako wewe ulifundisha, halafu akahamia kulia. Alishika kitu kimoja kimoja akakitaja: hili ini, huu utumbo, hiki kifuko cha nyongo. Mimi nikasema kila kimoja kiko wapi, chini ya ubavu wa ngapi, juu ya nini, nyuma ya nini. Shangazi Abdia alikuwa amegeukia ukuta, kila mara anauliza wapi, mpaka Mzee Sora akachoka naye, akamwambia akitaka kujua ageuke.

Tulipokuwa karibu kumaliza, Kassim akasogea. Alikuwa amesimama nyuma muda wote akishika kamba isiyofunga kitu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Pale nilipochoma mimi, palikuwa na nini?"

Mzee Sora aliosha mkono wake mmoja kwenye ndoo, akaushika mkono wa Kassim, akauingiza ndani upande wa kulia, wake ukiwa juu. Akauacha hapo. Akaanza kumwambia, polepole, kwanza jina la kile alichokuwa amekigusa, halafu mambo mengine ya kwao wawili.

Sauti yote nitakutumia akaunti ikifunguliwa, muikague wewe na Kadra. Utaona inakatika ghafla kabla ya mwisho. Si mtandao. Hapo ndipo nilipozima simu.

Mwanafunzi wako,
Bishara Galma